Amfoterisini karibu haionekani kwenye maji ya mgongo. Kwa nini ndiyo tunaanza nayo?

Mfamasia_Nyanda

Wakuu, habari za majukumu. Naandaa mafunzo ya ndani kwa wauguzi na matabibu wa wodi kuhusu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kriptokokasi kwa wagonjwa wenye VVU. Kuna sehemu najua nitaulizwa na sina jibu linalosimama.

Vitabu vinasema flukonazoli kwenye maji ya uti wa mgongo inafikia takriban asilimia 80 ya kiwango cha kwenye damu. Flusitosini ni kama 75. Amfoterisini B haifiki asilimia 4, na mara nyingi kipimo hakiioni kabisa. Lakini mwongozo wa WHO wa 2022 unaanza na amfoterisini ya liposomu (iliyofungwa ndani ya matone madogo ya mafuta), tena dozi moja tu ya mg 10 kwa kilo, kisha siku 14 za flusitosini mg 100 kwa kilo kwa siku na flukonazoli mg 1200 kwa siku.

Sasa mtu makini atauliza: dawa isiyofika kwenye ubongo inatibuje ubongo? Na kama flukonazoli inapita vizuri hivyo, kwa nini tusiipe peke yake kwa dozi kubwa? Ni ya bei nafuu na kila kituo kinayo. Swali la pili: flukonazoli ikiisha stoo na itrakonazoli ipo, zote si za kundi moja? Naomba pia anayeandaa ile dozi moja kwa mikono yake atueleze hatua, maana karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa kwa wenye vifaa vyote.

Tabibu_wa_Ndani

Mkuu, swali lako ni zuri, na tatizo lake liko kwenye namba yenyewe. Kiwango cha dawa kwenye maji ya mgongo si kiwango cha dawa kwenye ubongo, na vyote viwili si kasi ya kuua fangasi. Hayo ni mambo matatu tofauti, na watu huyachanganya kwa sababu maji ya mgongo ndiyo pekee tunayoweza kuyachota na kuyapima.

Anza na kupita kwenyewe. Mishipa midogo ya ubongo ina ukuta wa seli zilizobanana sana, na juu yake kuna pampu zinazorudisha kwenye damu vitu vilivyojipenyeza. Kinachopita kirahisi ni molekuli ndogo isiyong'ang'ania protini za damu. Flusitosini ina uzito wa daltoni 129 (kipimo cha uzito wa molekuli) na karibu haishiki protini kabisa. Flukonazoli ni 306, inashika protini kwa asilimia 11 au 12 tu. Hizo zinapita. Amfoterisini ni 924, na zaidi ya asilimia 90 yake imefungwa kwenye protini na mafuta ya damu. Itrakonazoli ni kama 706, imefungwa kwa zaidi ya asilimia 99, na juu ya hapo zile pampu zinaitambua na kuitoa. Kwa hiyo jibu la stoo: hapana. Ukundi mmoja hausaidii kitu hapa. Itrakonazoli kwenye maji ya mgongo ni karibu sifuri, na haina sifa nyingine ya kufidia upungufu huo kwenye kriptokokasi. Ukiishiwa flukonazoli, azima kituo cha jirani au mpe mgonjwa rufaa.

Sasa amfoterisini. Dawa hii inashikamana na utando wa seli na tishu. Unachopima kwenye maji ni kile kidogo kilichobaki kinaelea. Kriptokokasi naye hakai kwenye maji tu. Amejaa kwenye utando wa ubongo na pembezoni mwa mishipa inayoingia ndani ya ubongo. Mishipa ya utando haijabana kama ile ya ndani ya ubongo, na ugonjwa wenyewe huilegeza zaidi. Kwa sungura walioambukizwa fangasi kwenye ubongo, ile ya liposomu ndiyo iliyojikusanya kwenye tishu ya ubongo kuliko aina nyingine za amfoterisini. Na ikishaingia kwenye tishu haitoki haraka. Hiyo ndiyo hoja ya kutoa dozi moja kubwa: unaujaza mwili mara moja, dawa inaendelea kufanya kazi siku nyingi baadaye.

Tofauti kubwa zaidi ni namna ya kuua. Flukonazoli inazuia kimeng'enya cha kutengeneza ergosteroli, mafuta ambayo fangasi anayahitaji kwenye utando wa seli yake. Fangasi anadumaa, hafi. Kazi ya kummaliza inaachiwa kinga ya mwili, na mgonjwa mwenye CD4 (chembe za kinga) 30 hana kinga hiyo. Amfoterisini inakaa juu ya seli ya fangasi na kuinyonya ergosteroli ileile kama sifongo. Seli inakufa. Kinachohitajika ni kiasi kidogo tu mahali penyewe.

Maikrobaiolojia_KLA

Naongeza namba kwenye hoja ya daktari, maana hapa ndipo wanafunzi huelewa.

Tunachota maji ya mgongo kila baada ya siku chache, tunaotesha, tunahesabu fangasi hai kwa kila mililita, tunachora mstari. Mteremko wa mstari huo kwa logi kwa siku ndiyo kasi ya kuua. Utafiti uliofanyika Mbarara, Uganda, na kuchapishwa 2008 ulipata hivi: flukonazoli mg 800 peke yake, logi 0.07 kwa siku. Mg 1200, logi 0.18. Amfoterisini ya kawaida peke yake kwenye utafiti wa Thailand wa 2004 ilipata kama 0.31, na ikiwa na flusitosini 0.54. Kwenye utafiti wa AMBITION, uliopima mpango huu wa WHO, ile dozi moja na wenzake wawili ilipata 0.40.

Itafsiri hivi. Logi 0.3 ni kupunguza nusu kila siku. Logi 0.07 ni kupunguza asilimia 15 tu. Mgonjwa akija na fangasi milioni moja kwa mililita, jambo la kawaida kabisa, ana logi 6 za kumaliza. Kwa kasi ya 0.40 ni siku 15. Kwa 0.18 ni siku 33. Kwa 0.07 ni siku 85 na zaidi, na mgonjwa huyo hana siku 85. Dawa inayofika kwa asilimia 80 inashindwa na dawa isiyoonekana kwenye kipimo. Weka jedwali hilo kwenye slaidi yako ya kwanza, hutahitaji maneno mengi.

Kuna jambo jingine dhidi ya flukonazoli peke yake. Ndani ya kundi moja la kriptokokasi huwa kuna wachache wanaostahimili dawa hiyo tangu mwanzo. Ukiwaacha peke yao na flukonazoli, wale wepesi wanadumaa na wale wagumu wanaongezeka. Ukiongeza flusitosini, hao wachache hawapati nafasi. Flusitosini nayo ikipewa peke yake inazaa usugu haraka sana, kwa hiyo usiruhusu mgonjwa abaki nayo yenyewe hata kama nyingine zimeisha.

Ombi kutoka maabara: msitumie wino wa India (rangi ya kuonyesha fangasi kwenye hadubini) kuamua kama dawa inafanya kazi. Seli zilizokufa zina gamba lilelile na zitaonekana kwa wiki kadhaa. Antijeni (vipande vya gamba la fangasi tunavyopima) nayo hubaki juu kwa muda mrefu. Kama mna wasiwasi, tuleteeni maji ya kuotesha, na mtuandikie siku ya ngapi ya matibabu.

Sista_Dripu

Mfamasia, nakujibu ya kuandaa. Kabla ya yote, waambie wote kwenye mafunzo wasome jina kamili kwenye kichupa kwa sauti, watu wawili. Kuna amfoterisini ya liposomu na kuna ile ya kawaida ya deoksikoleti. Vichupa vyote vina mg 50, vyote ni unga wa njano. Mg 10 kwa kilo ni ya liposomu PEKE YAKE. Ile ya kawaida hutolewa mg 1 kwa kilo, na haitakiwi kamwe kuvuka mg 1.5 kwa kilo kwa siku. Ukikosea hapo moyo unaweza kusimama. Msiziweke kwenye rafu moja. Ya kawaida inakaa kwenye friji, ya liposomu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye joto lisilozidi 25, kwa hiyo kuzitenganisha ni rahisi.

Mfano mgonjwa wa kilo 50. Anahitaji mg 500, yaani vichupa 10.

Ingiza ml 12 za maji safi ya sindano kwenye kila kichupa. Maji, si maji ya chumvi. Tikisa kwa nguvu sekunde 30 nzima, kwa saa ya ukutani. Wengi hutikisa mara tatu nne wakaacha, unabaki umeganda chini na mgonjwa anapata pungufu. Ikiwa sawa unaona maji ya njano yasiyo na chembe. Kila ml ina mg 4, kwa hiyo utachota ml 125 jumla. Unapoingiza kwenye dripu tumia ile chujio ndogo ya mikroni 5 inayokuja na boksi, moja kwa kila kichupa. Usifunge kwenye mrija wa dripu chujio yenye matundu madogo kuliko mikroni 1, itazuia dawa yenyewe.

Dripu ni glukosi ya asilimia 5. Chumvi inaivuruga, dawa inaganda. Mrija uliotumika kwa chumvi usafishe kwa glukosi kwanza, au weka mrija mpya. Toa ndani ya lita moja kwa saa 2. Dakika 30 za mwanzo kaa karibu: homa, kutetemeka, maumivu ya kifua au kiuno. Ikitokea simamisha kidogo, kisha endelea taratibu. Paracetamol gramu 1 nusu saa kabla inasaidia.

Kabla ya dawa, lita moja ya chumvi yenye potasiamu mmol 20 kwa saa 2. Hapa ndipo watu wanaruka wakisema hii ya liposomu haina shida ya figo. Shida ni ndogo, haijaisha. Pima kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu kabla ya dozi, na urudie ndani ya siku chache. Mkilazimika kutumia ile ya kawaida kwa siku 7, potasiamu na magnesiamu ni za kila siku, na hemoglobini itashuka, jiandaeni na damu.

Mfamasia_Nyanda

Sista, asante sana, hiyo ya kusoma kwa sauti naiweka kwenye karatasi ya ukutani. Naomba pia flusitosini. Dozi ya saa 6 usiku, wauguzi wetu wanairuka.

Sista_Dripu

Wakiruka ya usiku wameharibu. Dawa hii inakaa mwilini saa chache tu, nusu yake inaondoka ndani ya saa 3 hadi 6 figo zikiwa nzima. Kwa kilo 50 ni mg 5000 kwa siku, gawa mara nne: mg 1250, yaani vidonge viwili na nusu vya mg 500 kila baada ya saa 6. Saa 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni, 6 usiku. Mpe kimoja kimoja ndani ya dakika 15 ili asitapike. Asiyejitambua, saga na upitishe kwenye mrija wa puani, kisha suuza mrija kwa maji.

Tabibu_wa_Ndani

Na ipunguzwe figo zikichoka, kwa sababu karibu yote inatoka kwa mkojo. Uchujaji wa kreatinini ukiwa kati ya ml 20 na 40 kwa dakika, mpe mg 25 kwa kilo kila saa 12 badala ya kila saa 6. Ikijaa kwenye damu inaua uboho. Pima picha kamili ya damu angalau mara mbili kwa wiki; neutrofili (chembe nyeupe za kinga) na chembe sahani zikianza kuporomoka ndiyo dalili. Hii ni sababu nyingine ya kuzitunza figo kwenye ile dripu ya amfoterisini: dawa moja ikiumiza figo, nyingine inajaa.

Baada ya siku 14, flukonazoli mg 800 kwa wiki 8, kisha mg 200 kila siku. Hapa ndipo uwezo wake wa kupita unapotumika vizuri. Fangasi wamepungua, kazi iliyobaki ni kuwadumaza mpaka CD4 ipande, na kidonge kinachofika kwenye ubongo kwa asilimia 80 ndicho hasa unachokitaka. ARV zianze wiki ya 4 hadi 6, si mapema. Utafiti wa COAT wa Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kuwa walioanzishwa ndani ya wiki mbili za mwanzo walifariki kwa wingi zaidi: asilimia 45 dhidi ya 30 kufikia wiki ya 26.

KliniKifuaKikuu

Wakuu, na mgonjwa aliye kwenye rifampisini ya kifua kikuu je? Wagonjwa wetu wengi wana vyote viwili.

Tabibu_wa_Ndani

Rifampisini inashusha flukonazoli kwa takriban robo. Kwenye mg 1200 hatubadilishi. Kwenye mg 200 ya muda mrefu robo hiyo inaonekana, kwa hiyo wengine hupandisha dozi, na mimi naona ni sahihi kwa mgonjwa ambaye CD4 bado iko chini. Dolutegravir (ARV) ipewe mg 50 mara mbili kwa siku wakati wa rifampisini. Nevirapini, ARV ya zamani, ikiwa bado ipo kwa mtu, kumbuka flukonazoli inaipandisha karibu mara mbili, angalia ini. Itrakonazoli na vorikonazoli usijaribu na rifampisini, karibu zinafutika kwenye damu.

Ukungu_na_Ubongo

Nimechelewa, ila naongeza ya fangasi wengine, maana wakitoka kwenye mafunzo watadhani kila fangasi wa ubongo ni kriptokokasi.

Asperijilasi, ukungu wa hewani, kwenye ubongo huweka jipu au huziba mishipa. Dawa yake ni vorikonazoli: daltoni 349, inashika protini kwa asilimia 58 tu, kwenye maji ya mgongo hufika karibu nusu ya damu na kwenye tishu ya ubongo hujikusanya vizuri. Anza mg 6 kwa kilo kila saa 12 kwa dozi mbili, kisha mg 4. Shida yake ni kuwa kiwango kwenye damu kinatofautiana mno kati ya mtu na mtu, kutegemea ini. Pima kiwango cha kabla ya dozi kuanzia siku ya 5: kwa ubongo tunataka zaidi ya mg 2 kwa lita na kisivuke 5.5. Kikivuka, mgonjwa anaona vitu visivyokuwepo na anachanganyikiwa, na wodini watasema ugonjwa wa ubongo umezidi kumbe ni dawa. Mwaka 2012 Marekani, sindano za steroidi zilizochafuliwa na fangasi aina ya Exserohilum zilipoleta homa ya uti wa mgongo kwa mamia ya watu, vorikonazoli kwa viwango hivyo vya juu ndiyo ilikuwa nguzo ya matibabu.

Mukomaikosisi, inayopanda kutoka puani na machoni kwa wenye kisukari, vorikonazoli haigusi. Hapo ni amfoterisini ya liposomu mg 5 hadi 10 kwa kilo kila siku, pamoja na upasuaji wa kuondoa nyama iliyokufa, kwa sababu mishipa imeziba na hakuna dawa inayofika kwenye tishu isiyo na damu.

Kaspofungini na dawa za fangasi za kundi lake zina daltoni zaidi ya 1000. Kwa kandida kwenye damu ni nzuri, kwa kandida kwenye ubongo wa mtoto mchanga usizitegemee, na kriptokokasi naye hazimdhuru.

Mfamasia_Nyanda

Nashukuru wote. La mwisho: kuna mwenzangu anauliza, kama tatizo ni kupita, kwa nini tusichome amfoterisini moja kwa moja kwenye mgongo wakati wa LP (kuchota maji ya mgongo)?

Tabibu_wa_Ndani

Kwa kriptokokasi, hapana. Njia hiyo ilitumika zaidi kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi koksidioidi, ugonjwa wa majangwa ya Arizona na California, na bado hutumika pale dawa za kumeza zinaposhindwa. Inachoma utando wa mishipa ya fahamu, inaleta maumivu makali, miguu kukosa nguvu, na makovu yanayoziba njia ya maji. Tayari una kasi ya 0.40 kwa dripu, huhitaji kubeba hatari hiyo.

Mwenzako mwambie sindano ya mgongo aitumie kutoa maji badala ya kuingiza dawa. Kinachoua wiki ya kwanza mara nyingi ni presha ya ndani ya kichwa, na hakuna dawa hata moja kati ya hizi inayoshusha presha siku hiyo. Mlaze kwa ubavu, pima presha ya kufungulia, ile ya mwanzo sindano inapoingia. Hamna manometa (kifaa cha kupima presha hiyo), unganisha mrija safi wa dripu kwenye sindano, uinue wima kando ya rula, soma urefu wa maji kuanzia usawa wa uti wa mgongo. Ikivuka sm 25, toa ml 20 hadi 30 mpaka ishuke chini ya 20 au ibaki nusu, na urudie kesho yake, na kesho kutwa, mpaka itulie. Kichwa kinachouma siku ya 4 kisikufanye ubadilishe dawa kabla hujapima presha. Na msimpe deksamethasoni: utafiti wa CryptoDex uliochapishwa 2016 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa walipata madhara mengi zaidi, na fangasi kwenye maji yao walipungua polepole kuliko wa wenzao.